Sufuria Inayoshika Sumaku

Mwalimu alikuwa ametoa hukumu yake tangu Jumatatu, akiwa amesimama kwenye korido ya hospitali na mkoba begani. Jumatano saa kumi jioni angekuja kukagua jikoni. Akikuta jiko la gesi limeondolewa na jingine la umeme linachemsha maji, baba yake angerudi nyumbani Alhamisi pamoja na mashine yake ya oksijeni. Asipokuta hivyo, baba angekwenda kuishi kwake yeye Mwalimu, binti yake mkubwa, na mjadala umefungwa. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kuwaambia wanafunzi kwamba atakayechelewa atabaki nje ya geti.

Mama Sindano, mama yake wa kambo, hakubisha. Alikuwa amelala siku kumi na moja kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mumewe, na mtu aliyelala kitini siku kumi na moja hana ulimi wa kubishana na mwalimu mkuu. Aliitikia kwa kichwa, akarudi kitini.

Tuseme ukweli mapema, maana wako watu wanaopenda kuuficha mpaka mwisho. Sehemu fulani ya moyo wake ilitaka ashindwe. Haikuwa sehemu kubwa, lakini ilikuwa na kelele. Mzee akienda kwa bintiye, yeye angelala kitandani, chali, mpaka jua lipande, na asiwepo wa kumwamsha akitaka maji, akitaka mto, akitaka kugeuzwa ubavu. Aliwaza hivyo akajichukia, kisha akachoka hata kujichukia.

Mumewe walimwita Mzee Cheche, jina la kazini. Miaka arobaini alichomelea mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Moshi wa kazi hiyo, ukijumlisha na sigara alizovuta nyuma ya mlango wa choo akidhani watu hawana pua, ukayamaliza mapafu yake. Sasa daktari alikuwa ameamuru aishi na mrija puani, na nyumba yenye oksijeni isiwashwe moto wa aina yoyote: kiberiti, mshumaa wala gesi. Mtu aliyelisha familia kwa cheche ameambiwa asikae karibu na njiti ya kiberiti. Mwenyewe alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa, muuguzi akamkaripia.

Na nyumba yao haikuwa ya kusema mgonjwa akae kule na jiko likae huku. Kitanda chake kingewekwa sebuleni, na kati ya sebule na jiko palikuwa na pazia tu.

Jumatano asubuhi fundi umeme aliambiwa saa mbili, akaja saa tatu na nusu. Mtaani anaitwa Fundi Taratibu na hakuna anayekumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Alianza kwa kuomba chai. Mama Sindano akamchemshia, na hiyo ndiyo ikawa chai ya mwisho ya gesi katika nyumba ile. Kisha akafunga koki, akautoa mtungi nje uani, akachomoa mpira wa gesi, akaingia chini ya kaunta kulegeza vibanio vilivyolishika jiko. Alipolinyanyua, pale chini palikuwa na mafuta yaliyoganda ya miaka kumi na minne, vifungo vitatu na sindano mbili. Mama Sindano alipafuta haraka haraka kama aliyefumwa.

"Mzee akirudi atakuta jiko jipya," fundi alisema, akijichekesha.

"Jiko la mzee ni mimi," alijibu Mama Sindano. "Hicho ni kifaa."

Jiko lenyewe, la kioo linalotumia sumaku, lililoletwa na Mwalimu, lilikuwa pana kuliko tundu la zamani kwa vidole viwili, hivyo fundi akaikata kaunta kwa msumeno, na vumbi likaruka mpaka kwenye sare za shule zilizokuwa zinasubiri vifungo. Akavuta waya mnene kutoka kwenye boksi la umeme, akaufungia swichi yake peke yake. Mama Sindano alikaa kwenye kiti chake cha cherehani, akasinzia, akaamshwa na msumeno, akasinzia tena. Ilipofika saa nane jiko lilikuwa limeshakaa mahali pake, kioo cheusi kitupu bila kitufe hata kimoja, kama meza ya mtu ambaye hajawahi kupika.

"Haya mama, jaribu," fundi alisema.

Aliteka maji kwenye sufuria, akaiweka, akagusa pale alipoonyeshwa. Jiko likalia mara tatu, likapepesa taa, likazima. Akagusa tena. Likalia, likazima.

"Limekataa," alisema.

Fundi aliinama akaitazama ile sufuria, akakuna kichwa. "Hii ni alumini, mama. Jiko hili halitoi moto. Lina sumaku, linaipasha sufuria yenyewe. Sasa sufuria isiyoshika sumaku, linaona juu yake hapana kitu."

"Hapana kitu. Na hiki nilichoweka ni nini, kofia?"

"Kwake yeye ni hewa."

"Mbona hukuniambia asubuhi?"

"Mama, nilidhani unajua. Ungeniuliza ningekwambia."

Mama Sindano alichukua sumaku anayookotea pini zinazomdondoka akishona, akashusha vyombo vyote kutoka rafuni, akapiga magoti sakafuni kuvipima kimoja kimoja. Sufuria tisa, birika, kikaango, karai. Sumaku ikateleza kila mahali. Kilichoshika kilikuwa mfuniko mmoja, na mfuniko hauchemshi maji. Duka lenye sufuria za chuma lilikuwa mjini kati, kwenda na kurudi ni nusu siku, na saa ilikuwa inakwenda tisa.

Alibaki pale chini, magoti yanauma. Kwa hiyo ameshindwa, basi. Hakuna wa kumlaumu. Jiko lenyewe limekataa, na fundi ni shahidi. Usingizi ulimjia hapo hapo sakafuni, mtamu, ukimwambia asiinuke.

Lakini alijua kuna sufuria ya kumi.

Ilikuwa juu ya kabati la chumbani, imefunikwa gazeti, imejaa vipande vya zipu. Sufuria nyeusi ya chuma kizito, yenye masikio mawili. Ilikuwa ya marehemu, mke wa kwanza wa Mzee Cheche, mama yake Mwalimu. Mama Sindano aliikuta alipoolewa, na wiki ya kwanza tu akaipandisha kule juu. Miaka tisa iliyopita Mwalimu, akihamia nyumba yake mwenyewe, alimwuliza, "Mama mdogo, ile sufuria nyeusi ya mama hujaiona?" Naye akajibu kwamba hajaiona. Neno moja, limetoka kirahisi, halafu halikupata siku ya kurudi.

Kuitumia leo ni kujiumbua mbele ya Mwalimu. Kutoitumia ni kumpoteza mumewe. Na usingizi nao upo, unangoja. Alijikaza, akapanda kwenye stuli, akaishusha. Alipoisogezea sumaku, ilimruka mkononi ikanasa kwa kishindo.

Aliisugua, akatia maji, akaiweka juu ya kioo. Jiko halikulia. Baada ya dakika mbili tatu maji yakaanza kunung'unika, yakachemka, na chini yake hapakuwa na mwali wala moshi. Fundi Taratibu alipiga makofi mawili ya peke yake, akaanza kukusanya vyombo vyake. Bado alikuwa anakusanya Mwalimu alipoingia, saa kumi kasoro dakika tano.

Mwalimu alisalimia, akapita moja kwa moja jikoni. Alitazama kioo, akatazama waya, kisha macho yake yakakwama kwenye sufuria. Fundi aliusoma uso wake, akaaga na kuondoka kwa mwendo ambao mtaa mzima haujawahi kuuona kwake.

"Hii ni kama ya mama," Mwalimu alisema.

"Ni yake."

"Uliniambia hujaiona."

"Nilikudanganya."

Mwalimu aliligusa sikio moja la sufuria, lile lililowahi kukatika likaungwa. Mshono wa kuchomelea ulikuwa mwembamba, umenyooka, umesuguliwa ukalainika. Kazi ya mtu aliyekuwa na haraka na mengine yote isipokuwa hiyo.

"Kwa nini?"

Mama Sindano alivuta stuli akakaa. "Nilipoolewa nilikuta kila kitu kina mwenyewe. Mapazia yake, vikombe vyake, nyinyi wanawe. Nikavumilia. Lakini hilo sikio lilinishinda. Mimi ni mshonaji, mshono wa mapenzi nikiuona naujua. Baba yako hajawahi kuniungia kitu hivyo. Dirisha la chumba changu cha kushonea mpaka leo linafungwa kwa kamba. Niliona wivu kwa marehemu, mwanangu. Halafu uliponiuliza nikaona haya. Ndiyo hivyo tu. Ikipoa, ichukue uende nayo."

Alingoja kufokewa. Mwalimu hakufoka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji, na bila ile miwani alionekana naye hajalala siku nyingi.

"Na mimi nimekudanganya, mama mdogo," alisema. "Lile sharti la leo si langu. Ni la baba."

"La baba vipi?"

"Jumapili, ulipotoka kwenda kuoga, alinishika mkono. Akasema, huyu mwanamke amechoka, ataanguka. Nikimwambia apumzike hatakubali. Nikimwambia nataka kwenda kwako atadhani simtaki. Wewe mwekee sharti asiloliweza, ashindwe, alale. Asijilaumu." Mwalimu alivaa miwani. "Jiko hili alilichagua yeye, na alijua vyombo vyako vyote ni alumini. Fundi wa vyuma huyo, asijue?"

Mama Sindano alikasirika kwanza. Miaka kumi na minne, na bado mtu huyu anapanga mambo yake nyuma ya mlango. Kisha hasira ikamwishia, kwa kuwa nayo inataka nguvu, na nyuma yake kikabaki kitu kingine. Kile alichokuwa akikitamani kwa siri, mumewe alikuwa amekiona wazi usoni mwake akiwa amelala na mrija puani, na alikuwa amekubali kumpa. Alikuwa ameletewa mapumziko mpaka mkononi. Ajabu ni kwamba hakuyataka tena.

"Na wewe ungemweza?" aliuliza.

"Sijui. Nina shule, nina watoto, mkweo analala kazini. Nilikuwa naomba ushinde." Mwalimu aliuma mdomo. "Lakini wewe peke yako pia huwezi. Nitakuja kulala hapa Ijumaa na Jumamosi. Wewe uende kwangu, kuna chumba, ulale."

Siku nyingine Mama Sindano angesema hapana, mwanangu, usijisumbue. Siku hiyo alisema, "Nitashukuru."

Mwalimu alipiga simu hospitalini, akamwomba muuguzi ampe baba simu, kisha akamkabidhi mama yake mdogo.

"Sindano," sauti ya mumewe ilisema. Maneno yake yalikuja mawili mawili, katikati yake pumzi. "Jiko... vipi?"

"Linachemsha."

"Linachemsha... nini?"

"Maji. Kwenye sufuria ya marehemu, mama watoto."

Nyuma ya sauti yake mashine ilikuwa ikivuma.

"Mwalimu... amesema?"

"Amesema yote."

"Umechoka," alisema Mzee Cheche. "Nilikuona... pale kitini. Mdomo wazi."

"Nimechoka, sikatai. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Bintiyo atalala nyumbani kukuangalia siku mbili kila wiki, na mimi nitakwenda kwake nifunge mlango nilale. Tumeshapatana."

"Basi ningekwenda tu... moja kwa moja. Upumzike."

"Nisikilize, baba. Ukienda huko nitalala siku mbili. Siku ya tatu nitaamka usiku nisikilize kama unakohoa, na hutakuwepo. Kuchoka nitachoka tu. Bora nichoke ukiwepo."

Upande wa pili alimsikia mumewe akivuta pumzi, moja, kisha ya pili, na ya tatu ikaja na kilio kidogo ambacho wote wawili walijifanya ni kikohozi.