Jeusi Kupita Kiasi

Bi Kanlaya aliniletea gari jeusi tii, na nyuma, kwenye buti, palikuwa pamebandikwa stika: "Gari hili ni jeupe."

Hapa mjini kwetu Nakhon Sawan hakuna anayecheka akiona stika ya namna hiyo. Bi Kanlaya kazaliwa Alhamisi, na kwa mzaliwa wa Alhamisi rangi nyeusi ni nuksi. Lakini mwenye hoteli kubwa hawezi kuwapokea wageni wa Bangkok kwa gari la rangi ya maziwa. Basi akanunua jeusi, akalipeleka hekaluni, Mtawa Mkuu akalibariki na kulibandika stika kwa mkono wake. Wageni wanaona nyeusi, nuksi inasoma nyeupe, kila mtu anakwenda zake ameridhika. Mwenye neno nilikuwa mimi tu, maana mimi nina neno kwa kila kitu. Ndivyo alivyosema mume wangu siku anaondoka.

"Sikiliza, Pui," Bi Kanlaya aliniambia. "Pale hotelini nina magari matano. Hili ndilo mtihani wako. Ukifaulu, yote matano ni yako kila mwezi. Ukifeli, usinipigie simu."

Nilikutanisha viganja kifuani nikainamisha kichwa. Magari matano kila mwezi! Bila hayo ningefunga kibanda changu cha kung'arishia magari kabla ya mvua, nirudi kwa kaka yangu nikashone magunia kwenye kinu chake cha mpunga, na kila asubuhi anikumbushe kwamba alinionya.

Gari lenyewe lilitia huruma. Kwa mbali lilikuwa zuri, lakini ukilimulika kwa tochi unaona mikwaruzo ya mviringo imeenea mwili mzima kama utando wa buibui. Aliyelikwaruza ni dereva wake, na alilikwaruza kwa mapenzi. Kila asubuhi alilipangusa likiwa kavu, kwa ufagio wa manyoya ya kuku, vumbi likisugua rangi huku yeye akipiga mluzi. Miaka minne ya mapenzi hayo iliufanya ule weusi kuwa kijivu, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Nililiosha kwa ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia. Nikapitisha ule udongo laini unaong'oa uchafu ulioganda, nikaziba kingo kwa tepu ya karatasi, nikawasha mashine ya polishi. Boneti peke yake ilinila nusu siku. Nyeusi haina siri. Ukikosea mahali, inakutangaza mtaa mzima. Ndiyo maana naipenda. Miaka kumi na tisa nimeng'arisha magari, na sijawahi kumrudishia mtu gari jeusi lenye mkwaruzo hata mmoja. Sina watoto wala nyumba, lakini hilo ninalo.

Siku ya pili nikafika kwenye buti, tukatazamana mimi na stika.

Buakham, jirani yangu anayeuza saladi ya papai, aliacha kutwanga.

"Shoga, hiyo izungushie tepu uiache."

"Niiache? Chini yake pabaki na mikwaruzo, pembeni pawe kioo? Patafanana na kiraka cha suruali."

"Kiraka chenyewe kabandika Mtawa Mkuu."

"Mtawa Mkuu hajui kupiga polishi."

"Na wewe hujui kunyamaza," akasema, akaendelea kutwanga.

Niliipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele, nikaanza kuibandua. Ilitoka vipande vitatu. Nikavitupa kwenye ndoo ya taka ya Buakham, juu ya maganda ya papai, nikarudi kazini. Jioni nilipolimulika gari, tochi ilijiona yenyewe, basi. Hapakuwa na duara wala unyuzi. Nilisimama pale nikalia kidogo, na sioni aibu kusema.

Bi Kanlaya alikuja kesho yake saa sita, jua la utosi. Alilizunguka gari polepole. Akajiona kwenye mlango, akatengeneza nywele. Akajiona kwenye boneti, akatabasamu. Moyoni nikaanza kuyapanga magari matano kwenye uwanja wangu. Kisha akafika nyuma.

"Iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Usiniulize nini! Stika yangu iko wapi?"

"Niliitoa, mama, ili rangi ikae sawa. Hebu tazama lenyewe, halijawahi kung'aa namna hii tangu lizaliwe."

"Naona! Nina macho! Nilikuletea jeusi la wastani, lenye ukungu wake, mtu unaweza kuishi nalo. Wewe umelifanya jeusi kuliko siku niliyolinunua, halafu ukalivua kinga! Mtoto wewe, unataka kuniua?"

"Naweza kuchapisha nyingine, pale kwa mtu wa fotokopi..."

"Mtu wa fotokopi! Kwani yeye ndiye atakayenizika?"

Akakataa hata kuligusa. Alikwenda kukaa kwenye benchi la Buakham, akaligeuzia gari mgongo, akajipepea kwa menyu. Nikamsikia anamwambia dereva kwenye simu aje amchukue, na yale manne mengine yapelekwe kwa yule fundi wa njia ya kwenda Tak. Nilianza kusikia harufu ya magunia.

Nilipiga magoti kwenye ndoo ya taka mbele ya wateja wa Buakham, nikafukua. Vipande vyote vitatu nilivipata, kimoja kimelowa mchuzi wa samaki, kingine kina mbegu ya pilipili. Nikavifuta kwa kitambaa changu laini kuliko vyote, kile ninachokitunza kwa boneti peke yake.

"Imechanika," Bi Kanlaya alisema bila kugeuka vizuri.

"Karatasi ndiyo iliyochanika, mama," Buakham akadakia, akimsogezea sahani. "Baraka inachanika vipi?"

Bi Kanlaya alitafuna papai, akafikiri. Kisha akaelekeza kidole kwenye buti.

Juu ya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya maishani nilibandika vipande vitatu kwa selotepu, katikati kabisa, vikiwa vimepinda na vinanuka samaki. Bi Kanlaya akainama. Mng'ao hakuutazama tena. Alibonyeza kila kipande kwa kidole gumba, akaacha alama tatu za kidole.

"Haya, wewe fundi. Hili ni gari la rangi gani?"

Buakham alinitazama kwa jicho la kunisihi.

"Jeupe, mama."

"Jeupe vipi?"

"Jeupe pe."

Akashusha pumzi, akafungua mlango, akaketi kwenye kiti cha nyuma kumngoja dereva.

"Jumatatu nitakuletea yale manne," alisema dirishani. "Mikono unayo, sikatai. Ila usirudie huu ufundi wako wa kupita kiasi. Yaachie mikwaruzo kidogo, mwanangu. Kidogo tu, nipate kulala."

Nikakutanisha viganja, nikainama mpaka paji la uso likagusa vidole.

"Asante sana, mama," nikasema. "Nitayaachia."