Sindano ya Tarehe Tisa

Kwa miaka miwili fundi cherehani alikuwa watu wawili. Mtaani alikuwa Fundi. Hospitalini, kila tarehe tisa ya mwezi, alikuwa mdogo wake. Mdogo mtu ni mwalimu, ana kadi ya bima. Fundi ana cherehani na moyo mbovu, na moyo huo hautaki mzaha: unataka sindano ya penisilini kila mwezi, la sivyo unazidi kuharibika. Picha ya kwenye kadi haikuleta shida, maana wamefanana, utadhani mapacha.

Mambo yalikwenda shwari mpaka mwalimu alipoteleza kwenye ngazi za shule akavunjika mguu. Fundi aliacha shati la watu na mkono mmoja, akafika wodini anahema. Alimkuta mdogo wake amelala fofofo kwa dawa ya maumivu, na pembeni nesi wa zamu, mwanamke wa bidii zake, anavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Ya nini hiyo, dada?"

"Penisilini yake. Nimeona kwenye faili, tarehe ni leo. Airuke kisa mguu?"

Mwalimu na penisilini hawaivi chungu kimoja: utotoni alichomwa mara moja tu, koo likavimba, akaponea chupuchupu. Lakini faili lilisema kachomwa mara ishirini na nne na hana neno.

Akisema, kadi imekwenda, na sindano zake zimekwenda nayo. Aliliwaza hilo, tusimsingizie utakatifu. Aliliwaza mpaka nesi akafunua shuka.

"Acha! Usimchome, itamuua! Hilo faili ni langu."

Nesi alimtazama yeye, akamtazama wa kitandani, akaketi. "Mama wee! Mlitaka mtu anifie mikononi?"

"Nisamehe, dada."

"Kwa nini usitibiwe kwa jina lako?"

"Kwa kadi gani? Kila uzi ninaonunua nakatwa kodi, na hakuna anayeniuliza kadi pale dukani. Kodi hiyo ingenitibu kama inavyomtibu mwenye ajira, ningehangaika kuazima jina la mtu?"

Nesi alichukua fomu. Akaijaza: kadi izuiwe, faili lifungwe, mgonjwa afunguliwe jipya, juu yake akaandika kwa wino mwekundu, penisilini marufuku. Fundi akashusha pumzi. Mdogo wake alikuwa salama, na kwa hilo alifurahi kweli.

Kisha akaonyesha bomba la sindano lililokuwa kwenye trei. "Hiyo ni yangu. Leo ndiyo siku yangu."

"Najua. Nikuchome kwa faili la nani?"

Dawa iliyokwisha kuchanganywa hairudishwi kwenye chupa. Nesi aliishika sindano juu ya sinki, macho chini, akaisukuma taratibu mpaka tone la mwisho, mgonjwa mwenyewe amesimama hatua moja kutoka hapo.