Kaza, Achia

Umewahi kuishi na mtu anayekata maneno katikati, akakodolea macho ukuta, kisha akaendelea kama vile hakuna kitu? Mume wangu alianza hivyo baada ya kupasuliwa tezi dume. Yeye ni fundi wa makochi, mtu wa porojo hata akiwa na misumari mdomoni. Sasa akawa anapima kitambaa, mara kimya, midomo kaibana. Nikimuuliza, anasema anawaza kazi.

Chumbani alishahama, akasingizia joto. Alilala sebuleni na shuka akawa anafua mwenyewe, mtu asiyejua sabuni inakaa wapi. Na kila Jumanne anaoga, anachana ndevu, anatoka. Machale yakanicheza.

Sikugomba. Jumanne nilijitanda mtandio nikamfuata kwa mbali hadi kwenye jengo lenye duka la dawa chini. Akapanda ghorofani. Nikatega sikio mlangoni. Sauti ya mwanamke, laini, inasema: kaza, shikilia, achia taratibu.

Nikasukuma mlango.

Mzee alikuwa chali kwenye mkeka, magoti juu, suruali na mkanda wake vyote mahali pake. Binti wa koti jeupe, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alisimama kando na mfupa wa nyonga wa plastiki mkononi. Akanikaribisha bila wasiwasi. Aliyeshtuka ni mwenzangu.

Nilitaka maelezo. Binti akaugeuza ule mfupa, akanionyesha msuli uliotandazwa ndani, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kwenye kifandugu nyuma. Umebeba kibofu na utumbo, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Ukikazwa, mrija unabanwa. Ukilegezwa, mkojo unapita. Tezi ikishatolewa, kazi ya kuzuia inauelemea zaidi msuli huo. Hapo nikazielewa zile shuka. Nikauliza mbona basi mazoezi hayamsaidii. Akasema mzee anakaza kutwa na kubana pumzi, haachii kabisa, kwa hiyo msuli unachoka, na chafya ikija hauna nguvu ya kuzuia mkojo.

"Na ile mikanda ya mpira chini ya makochi ya watu, unaivuta hivyo hivyo mpaka ilegee?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo, akajizuia haraka. Kumbe hata kicheko alikuwa anakiogopa.

Bado sikuridhika. Mimi nimemuuguza homa, nimemwogesha alipovunjika mkono; mkojo ni kitu cha kunificha? Nikahisi ameonja raha ya kulala peke yake, ugonjwa ukawa kisingizio. Tulipokuwa tunashuka ngazi nikamuuliza wazi kama amenichoka.

Akasimama, kashika ukuta. Nilidhani anakaza tena, nikamsubiri. Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea.

"Mama watoto, mimi nataka kurudi kulala na wewe," akasema. "Hata kama nitalowa."