Kigari Kilichopumua Peke Yake

Hapana, hawakugombana kwa sababu ya pesa. Wewe nawe, ukisikia mke na mume wamekosana tu, mkono unaenda mfukoni! Pesa ya kuwatosha walikuwa nayo. Waligombana kwa sababu ya ukungu. Ndiyo, ukungu, ule unaotanda kwenye kioo cha gari wakati wa baridi. Sasa tulia nikueleze vizuri.

Palikuwa na mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu, watu wakimwita Breki. Walimwita hivyo kwa kuwa maisha yake yote barabarani hakugonga hata kuku, tena alikuwa na tabia ya kukata maneno ya wenzake ghafla, kwii! Unasema, unasema, mara umesimamishwa. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, na huyo mtoto alianza kuongea kabla meno hayajajaa mdomoni, basi baba yake akamwita Kasuku. Kasuku akakua, akawa mwoka keki, akaolewa na kijana muuza miwani. Na huyo kijana sisi tulimwita Miwani, naye akaitika.

Basi huyu Miwani, mtu ambaye riziki yake ni kuwafanya wenzake waone, akaenda kununua gari ambalo mwenyewe akikaa ndani haoni kitu. Kigari cha mbio, chekundu, viti viwili, kifupi hivi kwamba ukiingia magoti yanakisalimia kidevu. Breki alipokiona mara ya kwanza alikizunguka, mikono nyuma, kama anakagua kiatu dukani.

"Mguu wa pili uko wapi?" akauliza.

"Baba, hii ni gari ya mbio."

"Inamkimbia nani?"

Hapo baridi ilikuwa haijaingia. Ilipoingia, ile baridi inayopenya hadi kwenye fizi, Miwani akafungulia hita ya kupashia gari joto. Lahaula! Kioo cha mbele kikatanda kama kioo cha bafuni. Anafuta, kinarudi. Akafuta kwa kiganja, akafuta kwa kile kitambaa laini cha dukani kwake, akafuta kwa tai, akazidi kukipaka mafuta tu. Mwisho akamgeukia mkewe.

"Ni wewe," akasema. "Unaongea mno. Pumzi zako ndizo zinaziba kioo. Tutakuja kufa kwa maneno yako."

Kuanzia hapo ikawa sheria: Kasuku akipanda gari, mdomo ufungwe. Kapeti la miguuni kwake likalowa, akaambiwa ni viatu vyake. Akasema gari linanuka sukari, tena sukari iliyoanza kuungua, na yeye mwoka keki pua yake haikosei sukari. Akajibiwa kwamba ni keki zake zimemng'ang'ania nguoni. Siku moja kwenye foleni alifungua mlango, akashuka, akatembea mpaka kwa wazazi wake bila kugeuka nyuma.

"Siku atakaposema mbele ya watu kwamba si mdomo wangu, nitarudi," alimwambia mama yake. "Asiposema, nitafutieni pa kuweka oveni yangu."

Na hakuwa anatania, maana kesho yake kweli alikuja kijana na mkokoteni, kaleta oveni.

Sasa utasema Breki alimtetea binti yake. Angemtetea, lakini alikuwa na mfupa kooni. Ule ujinga wa pumzi na kioo ulikuwa wake! Siku chache kabla ya harusi alimvuta mkwe wake pembeni akamnong'oneza: "Huyu ukimpakia wakati wa baridi, mnyamazishe, la sivyo huoni njia. Mama yake mimi nilimnyamazisha tangu tukiwa na ile gari yetu ya zamani." Na ni kweli alimnyamazisha. Mama Kasuku alikaa kwenye ile gari, baridi hadi baridi, skafu imefungwa mdomoni kama mtu anayekwenda kuvunja benki. Kwa hiyo kila Breki alipomsikia binti yake analalamika, alikohoa, akatoka nje kuangalia kama geti limefungwa.

Jumapili Miwani akaja kumchukua mkewe. Kaegesha uani, kavaa miwani ya jua siku isiyo na jua. Jikoni chakula kilishaiva, wali na mchuzi wa nyama, harufu imejaa nyumba nzima. Mama Kasuku akafunika masufuria, akavuta kigoda, akaketi mlangoni mwa jikoni na upawa mkononi.

"Hali mtu hapa," akasema, "mpaka ijulikane nani anaziba kile kioo."

"Mama Kasuku, mgeni ana njaa," Breki akasema.

"Mgeni gani? Huyo ni mkwe wangu. Njaa anaijua."

"Mama, mimi nimekuja kwa heri," Miwani akaanza. "Nasema tu, kisayansi, mtu akiongea sana mvuke…"

"Kisayansi ingia garini," mama akamkata. "Ingia peke yako. Funga vioo, washa injini, fungulia hita, ufunge na huo mdomo wako. Tuone."

Breki akaingilia kati. "Hii kazi ya nini? Kioo ni kioo. Tule kwanza, tumbo tupu halina hukumu."

Hakuna aliyemsikiliza. Miwani akajikunja akaingia. Kasuku akasimama mbele ya kigari, mikono kiunoni, akimkodolea. Injini ikanguruma kama simba aliyemeza redio. Dakika si nyingi kioo kikaanza kutanda, kuanzia chini, polepole, mpaka uso wa Miwani ukapotea, ikabaki pua imebandikwa kwenye kioo.

"Haya!" Kasuku akapiga makofi. "Nani kaongea humo?"

Miwani akashusha kioo cha mlango. "Nilipumua. Kwa pua. Siwezi kukaa bila kupumua."

"Toka," mama akasema.

"Nitoke?"

"Toka na pua yako. Liache gari peke yake."

Wakafuta kioo kikawa safi, wakafunga milango, injini inaunguruma, hita imefunguliwa, ndani hamna mtu. Wakasimama wanne pale uani, kwenye baridi, wakitazama gari tupu. Ungepita nje ungedhani wanazika. Na mbele ya macho yao, kile kigari chekundu kikaanza kupumua. Ukungu ukapanda kwenye kioo taratibu, bila haraka, bila mtu, bila neno.

Mama Kasuku akanyoosha upawa. "Mkwe wangu, wewe ndiye mwenye macho ya kuuza. Hebu niambie. Anayeongea humo ndani ni nani?"

Miwani akavua miwani ya jua, akaifuta, akaivaa tena. Haikumsaidia kitu.

Breki akaona hatari inakuja upande wake. Akawahi. "Ni klempu tu. Kibano cha mpira wa maji kimelegea. Nakaza mara moja, tunakula." Maana alijiambia: ikiwa ni klempu, ni bahati mbaya ya leo tu, ya zamani hayataguswa. Akachukua bisibisi, akalala chali kwenye sakafu ya kigari, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango imeelekea mbinguni. Mwanamume aliyeendesha basi la abiria tele, amekwama kwenye gari kama kidole kwenye chupa.

"Gari gani hii?" sauti yake ikatoka huko chini. "Hii haipandwi, inavaliwa! Nimulikie kwenye mpira, mkwe, si kwenye macho! Unataka kuniuzia miwani?"

Akakaza klempu. Akatoka anahema. "Tayari. Pakua, mama Kasuku."

"Washa," mama Kasuku akasema.

Wakawasha. Kikatanda vilevile. Tena safari hii Breki alipolala tena chini ya dashibodi kuchungulia, tone la maji ya moto likamwangukia kwenye paji la uso, likateleza mpaka mdomoni. Akaonja bila kutaka, akatema. Tamu.

"Sukari?" Kasuku akauliza, sauti ya asali.

Breki akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akatema tena.

"Baba, nimeuliza. Sukari au keki zangu?"

"Leta beseni," Breki akasema.

Basi ikabidi kazi ifanywe kazi kweli. Wakaacha injini ipoe, wakamwaga maji ya rejeta, yale yenye dawa tamu ya kuzuia kuganda, yakatoka ya kijani kama sharubati ya shetani. Breki akachomoa mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye hita, akafungua kijisanduku cha dashibodi, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, zile ambazo aliyezificha bila shaka alikuwa na ugomvi na mafundi wote duniani. Miwani akazikusanya kwenye kifuko chake cha miwani, na kila aliyopokea aliuliza, "Na hii ya wapi?" Breki akajibu, "Ya hapo hapo ilipotoka, au unadhani ni ya sikio?" Mwisho akavuta, akavuta, akatoka na kirejeta kidogo ukubwa wa kitabu, kimeota ukoko mweupe kwenye kona. Hicho ndicho chenye kupasha gari joto. Maji ya moto yanapita humo, upepo unapita juu yake. Kikitoboka, mvuke unaenda kwenye kioo, maji yanaenda miguuni kwa abiria. Abiria ni nani? Ni mkeo.

Lakini tundu lilikuwa wapi? Kwa macho halikuonekana. Wakakisuuza kirejeta mara kadhaa kwa maji safi, wakaziba mdomo mmoja kwa kizibo cha chupa, mdomo wa pili wakautia kipande cha mpira kipya, wakakizamisha kwenye beseni. Anayepuliza apulize, povu litaonyesha.

Breki akapuliza. Mishipa ya shingo ikasimama, macho yakatoka, povu hakuna. Sigara za ujana zilikuja kudai chao.

Miwani akapuliza. Akapaliwa, akakohoa, miwani ikamdondoka ikaingia kwenye beseni, plubu!

"Kisayansi," mama Kasuku akasema, "hiyo miwani haina tundu."

"Leteni hapa," akasema Kasuku.

Akaufuta mpira kwa aproni. Akapiga magoti kando ya beseni, akavuta pumzi, na pumzi yenyewe ilikuwa ya mtu aliyenyamazishwa msimu mzima. Akapuliza. Hakuhema, hakutikisika, anapuliza tu, na kule kwenye kona yenye ukoko povu likaanza kupanda, shanga moja, shanga mbili, kisha mkufu mzima, bulu bulu bulu.

"Hapo!" Breki akasema, kidole juu ya mahali.

Kasuku akaendelea kupuliza. Alikuwa ameshaonyesha, lakini aliendelea, akimtazama mumewe juu ya ule mpira, mpaka Miwani akainamisha kichwa.

Ndipo mama Kasuku alipoinuka kwenye kigoda. Akaja akainama, akalishika lile kapeti lililotolewa kwenye gari, akalikamua, maji yakachuruzika. Halafu akamgeukia mumewe.

"Baba Kasuku. Ile gari yetu. Kapeti la upande wangu lilikuwa bichi."

"Ilikuwa mvua," Breki akasema.

"Mvua ndani ya gari?"

"Zamani mvua zilikuwa kubwa."

"Na kioo?"

Breki akatafuta geti kwa macho. Geti lilikuwa limefungwa vizuri.

"Na ile skafu, baba Kasuku? Miaka yote ile na skafu mdomoni?"

"Skafu ilikupendeza," Breki akasema, na neno lilipomtoka tu akajua heri angelimeza.

Kasuku akautoa mpira mdomoni. Hata yeye hakucheka. Miwani akamtazama baba mkwe wake kama abiria anayemtazama dereva baada ya kugundua kwamba basi halikuwa na breki.

"Ilikuwa hita," Breki akasema kwa chini.

"Sijasikia. Nina skafu masikioni."

"Ilikuwa hita, mama Kasuku! Hita! Haikuwa wewe, ilikuwa hita!"

Alipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha kuona ni nani anachomwa.

"Basi usilifunge dirisha, jirani," mama Kasuku akasema. "Bado mmoja."

Miwani akasimama pale, maji ya kijani kwenye viatu, miwani mkononi inadondosha. Bila miwani uso wake ulikuwa mdogo, wa kijana tu. Akamtazama mkewe, kisha jirani, kisha mkewe.

"Si mdomo wako," akasema. "Wala viatu, wala keki. Ulisema sukari, nikakudharau. Mimi ndiye niliyekuwa sioni. Rudi nyumbani, mke wangu, na uongee."

"Garini pia?"

"Garini hasa."

"Nitaongea kutoka geti hili mpaka mlango wetu," Kasuku akasema. "Foleni yote. Na taa nyekundu zote."

"Ongea."

"Na oveni yangu?"

Miwani akakitazama kigari, viti viwili, buti la kubebea mswaki. "Nitatafuta mkokoteni," akasema.

Breki akapasha pasi yake ya lehemu, akapiga lehemu kwenye kona. Kasuku akapuliza tena. Maji yakatulia, hakuna hata shanga moja. Kigari wakakiacha uani kimepasuliwa kifua, skrubu zake kwenye kifuko cha miwani, wakanawa mikono kwa sabuni ya mche, wakaingia ndani.

Mama Kasuku akafunua masufuria. Akapakua, kwanza binti yake, kisha mkwe, kisha yeye mwenyewe, Breki mwisho, na nyama aliyowekewa ilikuwa mfupa. Akashukuru. Wote wakaketi. Kasuku alikuwa ameshaanza kuongea tangu bombani, habari ya mteja aliyetaka keki yenye umbo la kreni. Miwani akairudisha miwani usoni, akainamia sahani yake, mvuke wa mchuzi ukapanda, miwani ikatanda ukungu wote, pu!

Upawa wa mama mkwe ukasimama hewani. Breki akaacha kutafuna.

"Mchuzi," Miwani akasema haraka. "Ni mchuzi huo. Ni wa moto sana."

"Kula basi," mama Kasuku akamwambia, akamwongezea nyama.