Jicho Moja la Kompyuta ya Mama

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimo ndani ya kompyuta ya marehemu mama, nimevaa bukta na kandambili ya mguu mmoja. Msishangae. Mimi Kirubi ni fundi redio, na jana nilishinda nimeiinamia hiyo kompyuta tangu asubuhi, basi nayo ikaona ilipe fadhila, ikanikaribisha ndani.

Kisa ni wimbo. Mama, Bi Namkunda, alikuwa mpiga chapa wa shirika moja mjini, na ndiye aliyetunga wimbo wa kuchimbia ndiva yetu, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Alisema una beti tatu. Alitufundisha mbili, ndiva ikabomoka kwa mvua kabla hajafundisha wa tatu. Sasa imejengwa upya, inafunguliwa leo. Mamdogo Nakijwa, mdogo wake mama na kiongozi wa kwaya, ameshaambiwa na kamati kwamba wimbo ukiwa nusu, itaimba kwaya ya bondeni.

Mamdogo huyu ana kesi yake nyingine. Miaka arobaini anasema jiwe la mlango wa ndiva alilibeba yeye, na miaka arobaini kijiji kinamcheka.

Jana jioni alikuja kunisimamia kichwani, nimeshika diski ya mama, plastiki bapa ya mraba iliyoandikwa NYIMBO. "Kirubi mwanangu, hiyo diski ina nini?"

"Tupu, Mamdogo. Shirika walifuta kila kitu mama alipostaafu, ndiyo wakampa na hii kompyuta. Halafu diski yenyewe panya wameitafuna pembeni."

"Basi tumeaibika," akasema, akaenda zake bila kunywa chai.

Nikalala na hayo moyoni.

Huko ndani kumbe ni ukumbi. Viti vimepangwa mpaka macho yanachoka, na kila kiti kimekaliwa na herufi moja. Karani mmoja, kavaa kaunda suti ya kaki, anakimbia kutoka kiti hadi kiti.

"Shikamoo," nasema, maana sijui umri wake.

"Marahaba. Subiri, mimi nafanya jambo moja kwa wakati mmoja." Anaandika. Anapiga chafya. Anarudi. "Hii ndiyo kumbukumbu. Viti elfu sitini na tano na ushei. Jina?"

"Kirubi."

"Herufi sita. Kalia viti sita."

"Peke yangu?"

"Unataka ukae nusu?"

Nikajilaza juu ya viti sita. Herufi zilizokuwa zimekaa pale ziliondoka zimenuna.

Mara taa zinacheza, na ukumbi mzima unasahau. Herufi zinaulizana, "Eti wewe nani?" Na mimi, Mungu wangu, nimesahau nimefuata nini! Nakumbuka tu kuna mtu kaondoka bila kunywa chai.

"Umeme ukiyumba huku tunasahau," karani anasema. "Ukikatika kabisa, ndiyo basi tena. Cha kudumu kiko kwenye diski. Umefuata ubeti, wewe. Wahi!"

Nageuka, na nipo ndani ya ndiva kavu, jua la saa nne linawaka. Mzee mmoja kachuchumaa, ana jicho moja tu, nalo liko utosini. Juu yake amelala chali mama mmoja mweusi, bapa, wa mraba, kajitanda karatasi. Kwenye paji la uso kaandikwa NYIMBO, mwandiko wa mama yangu kabisa.

"Babu, naomba unisomee huyu."

"Namsoma tangu asubuhi. Mimi nina jicho moja, linatazama juu, naona mgongo wake tu. Mgongoni hamna kitu."

"Na tumboni?"

"Hajawahi kunilalia kwa tumbo."

Nikamwomba yule mama ageuke. Lahaula!

"Nigeuke? Mimi mwenye jina usoni, nilale kifudifudi mbele ya watu?"

"Mama, nakusihi, umeme..."

"Tena ni wewe uliyesema nimeliwa na panya!"

"Sasa hilo pengo ubavuni kakukata nani?"

"Namkunda! Kwa mkasi wa kucha, chumba cha chai, mlango kaufunga. Akaniambia, upande mmoja wa shirika, upande mmoja wangu. Asiyekatwa ubavuni haandikiki upande wa pili. Nikavumilia, sikulia. Wao walipokuja kufuta wakanilaza jina juu, wakafuta mgongoni tu, wakaenda kula. Leo mtoto wake, fundi mzima, anasema panya!"

Nikapiga magoti. Aibu ilinishika kweli kweli. "Nimekosa, mama. Miaka yote hii sikukuangalia vizuri."

Akasonya. Akanitia kitu kidogo kiganjani, akanifumba vidole. "Shika, usije ukasema nakuongopea." Kisha akageuka polepole, akalalia uso wake.

Mzee anakoroma, krrr, krrr, anamzungusha. Taa zinacheza tena. Maji ya kijani yanaingia ndiva, kila tone ni herufi, na zinaanza kujipanga. Nasoma "Na jiwe", umeme ukakatika.

Nikaamka, kumeshapambazuka, ngumi nimeikaza. Naifungua: kipande cheusi cha plastiki, kama punje ya mchele, kimekatwa kwa mkasi.

Sikunawa uso. Nilichukua diski mezani, nikakiweka kile kipande pale nilipodhani panya wametafuna. Kikakaa sawasawa. Nikaigeuza diski, jina chini, nikaitia kwenye kisomeo cha kompyuta, chenye jicho moja kama yule mzee, nikafunga kilango.

Krrr, krrr. Taa nyekundu ikawaka, na maandishi ya kijani yakapanda kiooni.

Nilimwita Mamdogo kwa kelele za mtu aliyeunguliwa na nyumba. Alikuja na kanga ya kulalia, akaweka kidole kiooni, akasoma kwa sauti:

"Na jiwe la mlangoni, wanaume wanne liliwashinda,
Kalibeba Nakijwa, mdogo wangu, wa miaka kumi na mitano."

Akasoma tena. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Halafu akatoka barazani na kuuimba, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia, mpaka mwenyekiti wa kamati akachungulia na mswaki mdomoni.

"Enhe!" Mamdogo akamwita. "Njoo usome, we uliyekuwa unacheka!"

Kisha akaingia ndani, akavuta kigoda mbele ya kompyuta, akaniambia niteleke chai. Alikunywa vikombe vitatu.