Mzee Hapahapa na Mstari Uliolala

Mpimaji alikuwa amekikodolea macho kioo cha kompyuta mpaka akaanza kuota akiwa macho. Kisima cha mafuta walikifunga vali tangu juzi. Huko chini presha ilikuwa ikijijaza taratibu, naye alijiona yumo ndani yake, akipapasa mwamba gizani, akitanuka pande zote kama chai iliyomwagika mezani. Mstari wa kasi ya presha kwenye mchoro ndio uliomwambia amefika wapi. Mwanzoni ulipanda, na hilo halikumbabaisha: bomba lenyewe lilikuwa linashiba. Halafu ukashuka, ukalala kabisa. Maana yake mafuta yanakuja kutoka kila upande, hakuna kizuizi.

Hapo ndipo haraka ilipomponza. Alimpigia simu baba yake.

Baba mtu, mtaalamu wa miamba aliyestaafu, kazini walimbandika jina la Mzee Hapahapa. Wenzake walitaka kuchimbwe kwingine, yeye akagonga meza: hapahapa! Walimcheka weee, mpaka siku anaaga. Kisima hiki alichokipigania kikionekana kimezungukwa na kuta za mwamba, kitazibwa kwa saruji, na kicheko kile ataenda nacho kaburini. Usingizi ulishamkimbia mzee kwa ajili hiyo.

“Baba, mstari umelala! Kuko wazi kote!”

Mzee alimshukuru Mungu kwa sauti ya kutetemeka.

Simu haijapoa mkononi, mstari ukainuka. Lo! Presha imegonga ukuta. Akajilaani kwa kiherehere chake.

Msimamizi akachungulia begani kwake. “Si nilisema? Hicho ni kisanduku tu. Nawaita watu wa saruji.”

“Bosi, ukuta mmoja haufanyi chumba.”

“Na zikiwa nne?”

“Mstari utapanda bila kukoma. Nipe mpaka jioni.”

“Jioni, haya. Ila usinililie hapa.”

Akapiga simu tena. “Baba, nisamehe, nilikurupuka. Kuna ukuta.”

Mzee akauliza: “Na kwingine?”

“Sijui bado.”

“Basi usilie, mwanangu. Iache presha itembee.”

Akaiacha itembee. Alishika tama, na mara yuko tena kule chini, kiganja ukutani, anaambaa, anaambaa, akiogopa kukutana na kona. Mlio wa mitambo ukawa mbali. Mstari ulipanda, ukapanda, ukachoka. Jua lilipogusa dirisha ulikuwa umelala tena, juu maradufu ya pale ulipolala mwanzo, na haukuinuka. Ukuta mmoja tu! Upande wa pili uko wazi hadi mwisho wa alipoweza kupapasa.

Alilia, tena palepale alipokatazwa. Msimamizi akajikuna kisogo. “Haya bwana. Watu wa saruji waende zao.”

Simu ya tatu alipokea mama.

“Baba yako amelala.”

“Baba? Amelala?”

“Tangu ulipompigia mara ya pili. Amesema, ‘Kumbe mtoto hanifichi hata habari mbaya,’ akajinyoosha. Hebu msikie!”

Mama akasogeza simu, na koromo zito likajaa sikioni.

“Nimwamshe? Una habari gani?”

“Njema, mama. Lakini mwache.”

Hakukata simu. Alikaa akimsikiliza baba yake akikoroma, mpaka kioo cha kompyuta kikajizima chenyewe.