Kiebrania cha Ng'ambo ya Meza

Mama yangu hajui kufunga mdomo. Tangu niliporudi Baraka, mji wetu kando ya ziwa, baada ya vita kusimamisha masomo yetu chuoni Bukavu, soko zima lilijua kwamba binti yake Merveille anasoma lugha ya manabii. Wauza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, wakawa wananiita nabii, wakicheka mpaka wanashika mbavu. Niliwaacha wacheke. Mimi nilikuwa na hamu ya kitu kimoja tu: kukaa tena mezani na Ihirwe.

Ihirwe ni binti wa mzee Sebatware, mfugaji wa kule milimani, Minembwe. Darasani kwetu, Maandiko ya Kiebrania yalikuwa adimu kama maziwa ya kuku, kwa hiyo baba yake aliuza ndama ili amnunulie nakala. Baba yangu ni mvuvi, na mvuvi hana ndama. Basi Ihirwe alikuwa akifungua kitabu mbele yake, nami nikikaa ng'ambo ya meza, nikisoma maandishi yakiwa kichwa chini. Ndivyo nilivyojifunza, tangu herufi ya kwanza. Alikuwa mkaidi, mwepesi wa kucheka, na alipenda kunisahihisha kabla sijamaliza neno. Nilimpenda mno.

Vita vilipofika, kila mmoja alikimbilia kwao. Simu yake haipatikani hadi leo. Na huku kwetu ziwani watu wa kwao hawatajwi kwa upole. Tumezika wengi katika kupigana nao, na wao pia wamezika. Nikawa namkumbuka kwa siri, kama mtu aliyeiba.

Pasta Eugène wa kanisa letu alikuwa na nakala kuukuu ya Kiebrania iliyoachwa na mgeni fulani. Akaniomba niwasomee watu zaburi siku ya Jumapili. Nilisimama mbele, nikakifungua kitabu, na bila kufikiri nikakigeuza juu chini.

"Ee, Merveille!" akaita papa Bonaventure, mzee wa kanisa, kutoka benchi la mbele. "Kitabu iko kichwa chini!"

Kanisa likaangua kicheko. Nikakigeuza walivyotaka, lakini herufi zikawa ngeni kwangu, nikakwama kwenye neno la kwanza.

"Huyu alikulaka tu minerval ya baba yake," mtu akasema nyuma, kana kwamba karo yangu yote ilipotea bure. Mama akajifunika uso kwa kitenge.

Hasira ilinipanda. Pasta akaniuliza kwa upole, "Ni nani alikufundisha kusoma hivi, mutoto wangu?"

Ningeweza kusingizia macho. Ningeweza kusema naumwa, nikaketi. Mbele yangu alikuwa amekaa mama Marthe, ambaye kijana wake Wilfried aliuawa kule milimani, na hakuna aliyethubutu kutaja milima mbele yake. Lakini nikimficha Ihirwe hapa pia, nilijiambia, nitakuwa nimemzika mimi mwenyewe.

"Nilisomaka na Ihirwe, mutoto ya Sebatware, wa Minembwe," nikasema. "Kitabu ilikuwa yake. Yeye alikuwa anakaa huku, mi kule. Ni rafiki yangu. Niko na hamu yake sana."

Kicheko kikakatika. Papa Bonaventure akaangalia viatu vyake. Mama Marthe ndiye aliyeinua uso.

"Iko muzima?"

"Sijue, mama."

Akashika ukingo wa benchi. Nikadhani atatoka nje.

"Soma," akasema. "Soma vile unajua."

Nikakigeuza kitabu juu chini, nikasoma. Sauti yangu ilitoka safi, bila kujikwaa, na hakuna aliyecheka. Nilipomaliza mstari wa kwanza nikanyamaza. Watu wakaanza kutazamana.

"Endelea, Merveille," pasta akanong'ona.

"Tulikuwa tunapokezana, pasta. Mustari wa pili ni wa Ihirwe."

Pasta alifungua mdomo, nadhani alitaka kunihimiza. Mama Marthe akamwonyesha kiganja, anyamaze.

"Basi tumungojee," akasema.

Tukamngoja, kanisa zima, mama Marthe akiwa ameshika mikono yake mapajani, macho yake mlangoni.